Ushuani au Uswazi: Umbali Anaubeba Nani?

Leo sina picha za harusi ya mtu wala stori ya nani kaonekana na nani Masaki. Leo nina jambo la nyumbani kwangu, na naomba mnivumilie maana litatupeleka mbali kidogo, mpaka enzi za Mjerumani.

Iko hivi. Miezi michache iliyopita baba watoto alirudi kazini anacheka peke yake. Mkubwa mmoja aliyewahi kuwa bosi wake anahamia mkoani, anaacha nyumba Mbweni (ya Dar, si ile ya Unguja), na hataki mambo ya dalali. Anatafuta mtu wa kuaminika, kodi ya kirafiki. Vyumba vinne, miembe mitatu, ukuta, geti, na kimya. Kodi yenyewe karibu sawa na tunayolipa hapa Sinza.

Sasa hapa Sinza tuko watu sita kwenye vyumba viwili na sebule. Mimi, baba watoto, watoto wawili, mama yangu mzazi mwenye presha, na dada anayetusaidia kazi. Kulia kwetu kuna baa, kushoto saluni, mbele kuna mama anayechoma chapati kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kimya tunakipata umeme ukikatika, na chenyewe hakidumu, jenereta ya baa inaanza kunguruma.

Nani angekataa Mbweni? Mimi mwenyewe nilishaanza kupanga mapazia kichwani. Ila mama akatupa neno moja la wahenga, usiache mbachao kwa msala upitao, akaendelea kuchambua mchele wake. Likanikaa. Nikaanza kuuliza watu na kusoma, na nikagundua kwamba hili swali la kukaa ushuani au kukaa uswazi si la kwetu sisi wa leo. Dar hii imeliuliza kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi waliolijibu hawana jina kwenye kitabu chochote. Nitawaletea watatu. Majina sitaji, blogu hii mnaijua inavyotunza siri.

Mji ulivyokatwa vipande

Tuanze na ramani. Dar ilianza kujengwa miaka ya 1860 na Sultani Majid wa Zanzibar. Alipofariki mwaka 1870 mji ukadorora. Mjerumani ndiye aliyeuamsha. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni lake yakahama kutoka Bagamoyo kuja Dar, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za ujenzi. Ukizisikia juujuu utadhani ni mambo ya matofali tu, maana zilipanga nyumba ya aina gani ijengwe sehemu gani ya mji. Karibu na bahari upande wa mashariki, nyumba za kudumu za Kizungu. Nyumba za udongo na makuti, kule nyuma. Lakini si unajua, ukishasema nyumba ya mawe tu ndiyo inaruhusiwa hapa, umeshachagua nani atakaa hapa bila kumtaja.

Mwingereza alipouchukua mji mwaka 1916 aliendeleza palepale. Katika miaka ya 1920 mgawanyo ukawa wa kanda tatu zilizo wazi, na wenyeji wakazipa majina ambayo mpaka leo yapo kwenye miji yetu mingi, nenda Dodoma, nenda Mbeya: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uswahilini ya Dar ilikuwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita ya Kwanza ya Dunia kilichowekwa pale. Kati ya Kariakoo na Uhindini likaachwa eneo tupu, ndiyo Mnazi Mmoja yetu. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya, eti magonjwa yasivuke.

Kisha Wazungu wakaona hata ile Uzunguni ya mjini inawabana. Miaka ya 1920 ikielekea kuisha likajengwa daraja tunaloliita Salenda, na ng'ambo yake Oysterbay ikaanza kufunguka. Upepo wa bahari, bustani kubwa, nyumba moja hapa, nyingine kule.

Mwaka 1949 ukaja mpango mkuu wa mji, ulioandaliwa na kampuni ya wahandisi ya Uingereza, Sir Alexander Gibb & Partners. Hapo lugha ikabadilika. Badala ya kutaja rangi za watu, ramani ikaongelea ujazo. Ujazo mdogo, yaani nyumba chache kwenye eneo kubwa. Ujazo wa kati. Ujazo mkubwa. Ukiweka ramani ya ujazo juu ya ile ya rangi unaona ni walewale, wamebadilishiwa jina tu. Na maneno haya ya ujazo hayajafa. Ukienda kutafuta kiwanja leo, utaulizwa unataka ujazo gani.

Hebu tupige hesabu ndogo, siyo ya ramani yoyote, ya kichwani tu. Chukua barabara ya mita 100, upande mmoja. Viwanja vyenye upana wa mita 12 vinakupa nyumba nane. Tuseme ni zile nyumba za Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, kila chumba mpangaji wake. Hizo ni kaya 48. Sasa weka viwanja vya upana wa mita 40. Unapata nyumba mbili na kipande cha bustani. Bomba ni lilelile la mita 100, mtaro uleule, nguzo za umeme zilezile. Kule linagawanywa kwa 48, huku kwa kaya mbili. Kwa hiyo ushuani tangu mwanzo ni mahali ghali kupaendesha, na lazima awepo mtu wa kubeba hiyo gharama. Enzi za mkoloni ofisa wa Oysterbay alipewa nyumba na mwajiri, serikali, na juu yake akawa na gari na watumishi. Eneo zima lilipangwa kwa kuamini kwamba hivyo vitu viwili vipo. Ukivitoa, unabaki na umbali.

Wa kwanza: mpishi aliyekataa chumba cha bure

Hapa mtaani kuna mzee mmoja tunamwamkia kila asubuhi. Nilimfuata barazani kwake nikamuuliza kuhusu Oysterbay ya zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na daftari, kuna usalama?"

Baba yake alikuja mjini kutoka Rufiji, akawa mpishi kwenye nyumba ya ofisa mmoja wa Kiingereza, Oysterbay, miaka ya 1940 kwenda ya 1950. Kanzu nyeupe, mkanda mwekundu, supu mezani saa mbili usiku. Kila nyumba kule ilikuwa na nyumba ndogo nyuma. Nyie msianze, siongelei nyumba ndogo mnayoifikiria. Naongelea vile vyumba vya uani vya watumishi.

Mpishi yule akaambiwa chukua chumba, bure kabisa. Sasa fikiria Dar ya wakati ule. Watu mjini walikuwa karibu 69,000 kwenye sensa ya mwaka 1948, na vyumba vya kupanga Kariakoo na Ilala vilikuwa vinagombaniwa. Mtu anapewa chumba cha bure, upepo wa bahari bure, halafu anakataa. Akaenda kupanga chumba kwenye kijiji cha wavuvi cha Msasani, anatembea kwa miguu kila alfajiri kwenda kazini na kila usiku kurudi.

Nikamuuliza mzee, sasa kwa nini?

"Baba alisema, kule uani hata ukilala uko kazini. Kengele ikilia saa sita ya usiku, unaamka. Msasani ukifunga mlango umefunga. Halafu kule mwenzangu na mimi hatukuwa na mtu wa kumwambia pole."

Kwa hiyo mtu wa kwanza ninayemfahamu kukataa kuishi Oysterbay alikuwa mpishi, na alijua anachokifanya. Lakini angalieni na kitu kingine. Alikataa kukaa, hakukataa kazi. Umbali aliubeba yeye, kwa miguu yake. Na ndivyo ilivyo mpaka leo: kila ushuani ina uswazi yake ubavuni. Oysterbay na Masaki zina Msasani, zina Namanga, zina Bonde la Mpunga. Walinzi, wapishi, wauza mboga na mafundi wa zile nyumba kubwa lazima walale mahali wanapoweza kutoka kwa miguu. Huko kubanana kwa huku ndiko kunawezesha nafasi ya kule.

Wa pili: karani aliyepewa funguo

Uhuru ukaja mwaka 1961. Wazungu wakaanza kufungasha, ikaja naizesheni, nafasi zao wakashika wananchi. Pamoja na vyeo zikaja nyumba. Kumbukeni wengi wa hawa walikuwa watu wa Kariakoo, Ilala, na Magomeni iliyopanuliwa miaka ya 1950. Hata yule mwalimu wa shule aliyeacha kazi mwaka 1955 akaenda kuishi Magomeni akipanga habari za uhuru, mnamjua, leo hatumtaji kwa sababu hii si siku ya wenye majina.

Wa kwetu ni karani mmoja wa serikali aliyepandishwa cheo. Stori yake nimepewa na binti yake, ambaye sasa ni mama mtu mzima na tunasukwa saluni moja. Baba alirudi Magomeni siku moja na funguo za nyumba Oysterbay. Mtaa mzima ukaja kuona. Mama akafungasha vyombo analia, na watu wakadhani ni machozi ya furaha.

"Mama aliniambia alikaa wiki tatu bila mtu kumgongea mlango," binti alinisimulia. "Magomeni chumvi ikiisha unanyoosha mkono dirishani. Kule akinyoosha mkono anagusa michongoma."

Gari lilikuwa la ofisi, na lilimfuata baba. Mama na watoto walingoja basi. Ndugu wa Magomeni waliokuwa wanapita kila jioni, sasa walikuja Idi na Idi. Mumewe alipandishwa cheo, yeye akashushwa kutoka mtaa wenye watu hadi ua lenye majani. Ila kusema nirudi Magomeni, angemwambia nani? Wangemwona hana shukrani. Akakaa.

Subirini lakini, maana stori inageuka. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili. Miaka ya 1970 ikaisha kwa vita ya Kagera, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ikawa ngumu kwelikweli. Sukari foleni, sabuni foleni, sembe foleni. Mshahara wa ofisa ukawa hauvuki nusu ya mwezi. Hapo ndipo wale wa Oysterbay walipogundua kazi ya kiwanja kikubwa. Pale Mwingereza alipokuwa anakunywa chai kwenye majani, pakajengwa banda la kuku. Nyuma ya nyumba ng'ombe wawili. Kwenye chumba cha mpishi wakakaa vifaranga. Ikaja lugha ya mradi, kila mama wa ushuani ana mradi wake.

Mama yule aliyelia siku ya kuhama ndiye akawa analisha nyumba. Maziwa aliuza kwa majirani, mayai yakaenda mpaka Kariakoo. Ada za watoto zililipwa na kuku, siyo na cheo cha baba. Na ile michongoma ikawa na faida, maana majirani walianza kuulizana dawa ya mdondo juu yake. Wakafahamiana.

Kwa hiyo nisiwe mnafiki. Nafasi si mapambo tu. Ardhi ni akiba, na siku mambo yakiharibika mwenye ua mkubwa ana pa kushika. Mtu wa vyumba viwili Sinza hana pa kufugia hata bata. Hilo baba watoto alinikumbusha, na nikakubali.

Umbali nao haukuondoka. Usafiri wa umma mjini ulikuwa wa shirika la UDA, mabasi yakawa machache, mtu anasubiri kituoni mpaka anasahau alikokuwa anakwenda. Vigari vya watu binafsi vilivyokuwa vinabeba abiria kwa kujificha viliruhusiwa rasmi mwaka 1983, na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyokuwa ikiitwa dala, ikatupa neno daladala. Daladala zilifuata wateja, na wateja wako walikobanana. Kwenye mitaa ya bustani kubwa zilipita pembeni, barabara kuu, unashuka unatembea. Yule mama alitembea na trei za mayai.

Mwisho wa nyumba ile mnaweza kuukisia. Miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wanaishi humo. Familia ikanunua, wazee wakafariki, watoto watano hawawezi kugawana nyumba moja. Ikauzwa. Leo palipokuwa na banda la kuku pana ghorofa. Ujazo mdogo umebaki kwenye ramani ya zamani.

Wa tatu: nesi aliyenunua pori

Sasa tuje kwetu. Mjue kwanza kwamba hata Sinza hii ilikuwa pembeni. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa viwanja na huduma kwa watu wa kipato cha chini. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni ndiko mpango ulikopita. Wazee wa hapa wanakumbuka ndugu zao walivyowacheka, eti mnakwenda kukaa porini. Viwanja vidogo, watu wakajenga, wakapangisha, biashara zikafuata, na mji ukawajia hapohapo walipo. Leo huwezi kuongelea bata za Dar bila kuitaja Sinza.

Mwaka 2002 ukaja mradi mwingine, wa viwanja 20,000, chini ya Wizara ya Ardhi. Dar ilikuwa imefika watu karibu milioni 2.5, wengi wamejenga bila kupimiwa. Viwanja vikapimwa pembezoni: Mbweni, Bunju, Tuangoma, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingine. Vikaenda kama karanga. Lakini kupima ni siku chache, kuleta maji na barabara ni miaka. Wengi walilipia, wakaweka jiwe la pembeni, wakaacha majani yaote.

Nesi mmoja hakuacha. Ni mama wa rafiki yangu, sasa amestaafu. Alipata kiwanja Mbweni, akajenga vyumba viwili, akahamia kabla ya umeme kufika. Maji alichimba, yakatoka ya chumvi, ya kunywa akanunua kwa madumu. Zamu yake ilianza saa moja asubuhi katikati ya mji. Aliondoka saa kumi za usiku na watoto, anatembea mpaka barabara ya lami akiwa na tochi, wanapanda daladala ya Tegeta, wanaunganisha Mwenge.

Nilimuuliza, mama, unajuta?

"Nijutie nini? Hapa ni pangu. Hakuna mwenye nyumba anayenigongea tarehe moja. Ila nikwambie ukweli mwanangu, watoto wangu walilala ndani ya daladala kuliko kitandani."

Akanionyesha bustani yake. Mapapai, mchaichai, kivuli cha kukaa mchana kutwa. Nilikaa masaa mawili na sikusikia honi hata moja. Nilimwonea wivu, wacha niseme ukweli. Halafu nikauliza watoto wako wapi siku hizi. Mmoja amepanga Kijitonyama, mmoja Sinza, mitaa mitatu kutoka kwangu. Wameapa hawatarudi kuamka saa tisa na nusu usiku. Ile nyumba iliyojengwa kwa ajili yao, sasa anakaa mama peke yake na mlinzi.

Tukarudi mezani

Baada ya hayo yote nilichukua karatasi. Nikamwambia baba watoto, tusiongelee miembe kwanza. Tuandike watu sita, na kila mmoja anatoka wapi anakwenda wapi, saa ngapi, kwa nauli gani.

Yeye ana gari, ofisi yake iko Mikocheni. Atapata foleni ya barabara ya Bagamoyo, ila amekaa kwenye kiti chake anasikiliza redio. Mimi bajaji mpaka Tegeta, kisha daladala. Watoto shule yao iko hapa Sinza. Wanatembea na kuamka saa kumi na mbili. Mbweni wangeamka saa kumi na nusu. Mama kliniki yake ya presha iko hapa jirani, anakwenda kwa miguu polepole, anapumzika kwa mama chapati. Mwaka jana alidondoka kibarazani sisi wote tukiwa kazini. Aliyemuona ni mama chapati. Aliyemwinua ni kijana wa baa. Nilipofika alishapewa maji na amelazwa kwenye benchi la saluni. Nikajiuliza, Mbweni, nyuma ya ule ukuta, nani angemwona?

Nikafika kwa dada. Na hapa naomba mnielewe, maana niliona aibu. Kwenye maongezi yote ya mwezi mzima hakuna aliyemuuliza dada. Nyumba ya Mbweni ina chumba chake, nje, uani, na choo chake. Tulimwambia kama zawadi. Hapa kwetu analala chumba kimoja na mama na watoto.

Akafikiri kidogo, akauliza, "Jumapili nitakuwa natokaje?"

Jumapili dada anakwenda kanisani Mwenge, halafu kwa binamu yake Manzese. Nauli moja, nusu saa. Ndiyo siku yake pekee ambayo hakuna anayemtuma. Nikamkumbuka yule mpishi wa kanzu nyeupe. Miaka zaidi ya sabini imepita, chumba ni kilekile cha uani, swali ni lilelile. Tofauti ni kwamba mpishi alikuwa na Msasani pembeni.

Tulipomaliza karatasi, umbali wa watu sita ulikuwa umebebwa na watano, na aliyebeba kidogo kuliko wote ndiye aliyekuwa anataka kuhama kuliko wote. Sikumwambia. Alikuwa anaisoma mwenyewe. Akakaa kimya, akasema, "Basi tusubiri." Mama, ambaye tulidhani amesinzia, akasema, "Mimi siendi kukaa mahali nikiita hakuna wa kuitika."

Nyumba ikachukuliwa na watu wengine. Sisi tupo hapahapa.

Nisiwadanganye kwamba nimeshinda. Juzi watoto walipiga mpira ndani wakavunja glasi tatu, na nikaifikiria ile miembe. Usiku baa ikiwasha muziki mpaka saa nane, nafikiria kile kimya. Na historia yenyewe inanionya nisijione mjanja, maana Sinza nayo ilichekwa. Huenda baada ya miaka 20 Mbweni itakuwa na kila kitu mlangoni, na mimi nitakuwa bado nagombana na jenereta.

Ila nimejifunza namna ya kuuliza. Dar ya sasa ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, na kila siku kuna anayepewa funguo za nyumba ya mbali yenye bustani. Wengine inawafaa kabisa: anayefanyia kazi nyumbani, aliyestaafu na bado ana nguvu, mwenye watoto wanaosoma hukohuko, anayetaka kufuga. Ukipewa, nenda kapaone siku ya kazi alfajiri, si Jumapili mchana. Tembea kutoka getini mpaka kituoni kwa miguu hata kama una gari, maana kuna mtu nyumbani kwako hana. Onja maji. Uliza jirani wa karibu anaitwa nani, na kama akisikia kelele usiku atatoka. Halafu waite wote wanaolala chini ya paa lako, pamoja na yule ambaye kwa kawaida hamumuulizi, na muone umbali anaubeba nani.

Wewe unayekaa Mbweni, Kibada, Bunju au Goba na umetulia, niambie nimekosea wapi. Na wewe uliyerudi mjini baada ya kushindwa, karibu, humu hatucheki mtu. Maoni yako hapo chini, nitayasoma yote jenereta ikizima.